Kukusanya likeni Lubumbashi kwa ajili ya kupima metali nzito: mwongozo kamili, kuanzia mtini hadi kwenye namba

Kila msimu naletewa bahasha za likeni na wanafunzi wanaotaka kujua ni kiasi gani cha shaba, kobalti na risasi kinachoelea hewani mwa jiji letu. Kila msimu pia nalazimika kuzirudisha nyingi. Ndani nakuta likeni za aina tatu zimechanganywa, vipande vya gome, vumbi jekundu chini ya mfuko, na pini ya chuma iliyofunga bahasha. Sampuli ya namna hiyo hata mashine bora haiwezi kuiokoa.

Kosa linajirudia kwa sababu moja. Wengi wanafuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya likeni za Aktiki na Antaktika, kwa kuwa huko kazi hii imefanywa sana. Maelekezo hayo ni mazuri kwa mahali pake: likeni zinaota chini au juu ya mwamba, na theluji inazifunika miezi mingi. Hapa kwetu likeni iko juu ya mwembe, kando ya barabara ya udongo, na kuanzia Mei hadi Oktoba inakula vumbi. Basi huu ni mwongozo wa Lubumbashi. Cha kuazima kutoka kwa watu wa ncha za dunia nitakitaja, na cha kuwaachia pia.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kutoka nyumbani

Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Wengine huiita kuvumwani. Haina mizizi. Vinyweleo vyake vya chini vinaishikiza kwenye gome tu, havinyonyi chakula. Haina pia ile ngozi ya nta inayofunika jani la mmea. Kila kinachodondoka juu yake, iwe mvua, ukungu, moshi au vumbi, kinaingia au kinanasa.

Hapo ndipo inapotofautiana na maua yetu ya shaba. Haumaniastrum katangense ikiota mahali inakuambia habari za udongo. Likeni inakuambia habari za hewa, mradi usiichafue kwa udongo wewe mwenyewe.

Metali inakaa kwenye likeni kwa namna tatu: chembe za vumbi zilizonasa juu na katikati ya nyuzi za kuvu, ioni zilizoshikwa kwenye kuta za seli, na kiasi kidogo kilichoingia ndani ya seli zenyewe. Kumbuka hizo tatu. Nusu ya hatua zinazofuata ni juhudi za kuzitenganisha.

Vifaa

Tafuta hivi vyote kabla ya kupanga siku ya kutoka:

- Kisu cha plastiki ngumu au cha seramiki. Kisu cha chuma kinaacha kromi, nikeli na chuma chenyewe.
- Kibano cha plastiki.
- Glavu za nitrili zisizo na unga. Ule unga mweupe wa glavu nyingine unaweza kuwa na zinki.
- Bahasha za karatasi zisizoandikwa, mpya. Usichukue karatasi ya gazeti, wala mfuko uliobeba unga au makala (makaa).
- Mifuko ya plastiki ya kufunga kwa kubana, ya kutia zile bahasha.
- Kalamu ya risasi. Jina lisikutishe: ndani yake ni grafiti, hamna risasi. Wino wa kalamu nyingine hufutika bahasha ikilowa.
- Chupa ya kunyunyizia yenye maji ya maabara yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana kalsiamu, na wakati mwingine shaba na zinki za mabomba. Yale yanayouzwa dukani kama maji ya betri usiyaguse kabisa, maana mengine ni asidi.
- Simu yenye ramani, futi ya kupimia, kioo cha kukuzia.
- Kinu kidogo cha agate (jiwe gumu) au cha kaure, pamoja na mchi wake.
- Barua ya chuo yenye muhuri. Mtu anayekwangua miti na kujaza bahasha karibu na maeneo ya migodi ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha ushikamane nao

Wakati mzuri kuliko wote ni mwisho wa mvua, katikati ya Aprili hadi mwanzo wa Mei. Mvua za miezi mitano zimeosha vumbi la juu, na vumbi la kiangazi halijaanza. Subiri siku tatu zisizo na mvua, likeni ikauke juu ya mti.

Ukitaka kujua vumbi linaongeza nini, rudi kwenye miti ileile mwezi Oktoba kabla ya mvua ya kwanza. Usichanganye kamwe sampuli za Aprili na za Oktoba kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja. Nimeona kazi nzima ya mwaka ikianguka kwa hilo: upande mmoja wa jiji ulikusanywa kabla ya mvua, mwingine baada, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ya mvua tu.

Hatua ya 2: Panga vituo kufuata upepo

Upepo unaotawala hapa, hasa kiangazi, unatoka kusini-mashariki. Ndiyo maana athari za moshi wa miaka mingi wa kuyeyusha shaba zimelala kaskazini-magharibi ya bomba refu la moshi linaloonekana jiji zima, kama kivuli.

Anzia kwenye bomba hilo kama kitovu. Weka vituo kuelekea kaskazini-magharibi kwa kilomita 1, 2, 4, 8 na 16. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kusini-mashariki. Umbali unaojizidisha mara mbili unafaa kwa sababu metali hupungua haraka karibu na chanzo na polepole mbali nacho.

Kisha tafuta kituo cha kulinganishia, kwenye miombo, zaidi ya kilomita 30, upande upepo unakotoka. Usikimbilie Kipushi, kule kuna mgodi wake. Ukifuata barabara ya Kasumbalesa, ingia ndani ya pori nusu kilomita au zaidi, kwa sababu malori yanayobeba madini yanapita hapo mchana na usiku.

*Onyo:* karibu kabisa na chanzo unaweza usipate likeni hata moja. Dioksidi ya salfa, gesi iliyomo kwenye moshi huo, huziua kabla metali hazijafanya lolote. Andika "hakuna" na upige picha ya mti. Hayo ni matokeo. Usihamie mti wa mtaa wa pili ili kujaza jedwali. Ukihitaji namba mahali hapo, nenda Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chagua mti, na uzungumze na mwenye mti

Tumia aina moja ya mti kwenye vituo vyote. Mimi napendekeza mwembe: upo karibu kila parseli (kiwanja cha nyumba), kuanzia Katuba hadi Ruashi, na gome lake linashika likeni vizuri. Porini, ambako hakuna mwembe, tafuta kijiji cha karibu wenye nao. Gome la kila aina ya mti lina uchachu wake, na uchachu huo hubadilisha jinsi metali zinavyoshikwa.

Miti mitano kwa kila kituo. Iache ile yenye misumari, waya wa kuanikia nguo au bati lililoegemezwa. Uache pia mti ambao chini yake mama anawasha mbabula (jiko la makaa) kila jioni. Utaujua: gome limekuwa jeusi upande mmoja, na majivu yako kwenye shina.

Parseli ni ya watu. Piga hodi, salimia, toa barua, eleza. Mara nyingi utaulizwa, "Ni dawa ya nini?" Jibu kweli: si dawa, na isichemshwe wala kunywewa, kwa sababu tunashuku ina sumu. Mama mmoja wa Kampemba aliposikia hivyo aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha mti wa pili, mahali watoto wanapochezea, akasema, "Basi pima na huu." Nilikuwa nimepita bila kuuona, na ulikuwa mti bora kuliko wa kwanza.

Hatua ya 4: Kata

Hapa nenda taratibu.

Chagua likeni ya majani: ile iliyotandaa kama sahani ya kijivu-kijani, yenye kingo zinazoinuka. Geuza ukingo kwa kibano. Aina nyingi za jamii ya Parmotrema ni nyeusi chini katikati, na zina ukanda wa kahawia usio na vinyweleo karibu na ukingo. Iache ile ya gamba iliyojipaka kwenye gome kama rangi, maana huwezi kuitoa bila gome. Isikuchanganye na mosi, ambayo ni ya kijani kibichi na ina vijani vidogo vingi kama zulia.

Aina moja tu kwa kazi nzima. Huna hakika ya jina? Piga picha juu na chini, weka kipande kimoja kwenye bahasha ya pembeni kwa mtaalamu, na uipe aina hiyo herufi. Jina litakuja baadaye, lakini mchanganyiko hautatenganishwa baadaye.

Kimo: kati ya mita 1.5 na 2 kutoka chini. Chini ya hapo mvua inarusha udongo, na mbuzi na watoto wanafanya yao. Zunguka shina lote. Usichukue upande wa barabara peke yake.

Likeni kavu huvunjika kama mkate mkavu. Nyunyiza maji ya maabara kidogo, hesabu hadi thelathini. Utaona rangi inageuka, kijivu kinakuwa kijani mbele ya macho yako, na kingo zinalegea kama ngozi. Sasa ingiza kisu chini ya ukingo na uinue.

Chukua milimita 3 hadi 5 za nje tu. Likeni hukua kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo ukingo ni mwili mpya na katikati ni mwili wa zamani. Ukichukua sahani nzima, umechanganya hewa ya juzi na hewa ya miaka mingi iliyopita, na hutajua lipi ni lipi. Hapa tunatofautiana kidogo na wenzetu wa Aktiki: wao wakikusanya Cladonia ya ardhini hukata sehemu ya juu iliyo hai na kuacha ya chini iliyokufa. Fikra ni ileile; mwelekeo wa ukuaji ndio tofauti.

Acha angalau theluthi mbili za likeni kwenye kila mti. Haioti upya wiki ijayo.

Lengo ni gramu 5 kavu kwa kituo. Ni nyingi kuliko unavyodhani. Bahasha iliyojaa kiganja haifiki hapo. Funga kwa kukunja, bila pini wala gundi. Andika juu ya bahasha: kituo, mti, kimo, tarehe, herufi ya aina. Mfano wa msimbo wa kituo, mti na aina: LSHI-KM4-M3-A. Kimo na tarehe viandike chini yake.

*Umefaulu ikiwa:* kipande chako ni chembamba, hakina gome linaloonekana kwa kioo, na ukitikisa bahasha halidondoki vumbi jekundu.

Kabla ya kuondoka, fanya mambo mawili yanayosahauliwa. Fungua bahasha tupu hewani kwa muda uleule uliotumia kukata, ifunge, iandike "tupu". Kisha chukua udongo chini ya mti: kijiko cha plastiki cha sentimita 2 za juu, na kingine kutoka shimo la sentimita 50. Utauhitaji mwishoni, na hakuna atakayekurudisha bure.

Hatua ya 5: Mahali pasipo na likeni, ipeleke

Kusanya likeni ya kutosha kwenye kituo cha kulinganishia. Gawanya kwenye vifuko vya wavu wa nailoni, kama gramu 3 kila kimoja, uvining'inize kwenye matawi mita 3 juu kwa uzi wa nailoni. Miezi mitatu inatosha. Vifuko vitatu vibaki maabara, gizani na vikavu, visiende popote: hivyo ndivyo mwanzo wako, na bila hivyo huwezi kusema kilichoongezeka. Tundika viwili zaidi ya unavyohitaji kila mahali, kwa sababu vingine vitaibwa.

Hatua ya 6: Kausha siku hiyohiyo

Uliilowesha, kwa hiyo ukiifungia kwenye plastiki usiku mmoja itaota ukungu. Tandaza kwenye karatasi ya kuchujia ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, usiianike uani. Malizia kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 40. Usipandishe zaidi ikiwa unataka kupima zebaki, maana huruka. Kipande kidogo cha pembeni kikaushwe kwa nyuzi 105 ili ujue unyevu uliobaki. Hicho kisipimwe metali.

Hatua ya 7: Safisha, na ugawe mara mbili

Chini ya kioo, toa kwa kibano gome, wadudu, mosi, mchanga. Kazi hii inachosha macho. Kituo kimoja kinaweza kula asubuhi nzima, na hakuna njia ya mkato.

Swali la kuosha au kutoosha limegombaniwa sana. Kwenye hewa safi ya Antaktika wengi hawaoshi. Hapa nashauri ugawe sampuli mbili: nusu isioshwe, nusu isuuzwe kwa maji ya maabara kwa sekunde 10 na kukaushwa tena. Tofauti kati ya nusu hizo inakuonyesha vumbi lililokaa juu bila kushikwa. Usiloweke dakika nzima wala usisugue, kwa sababu potasiamu na ioni nyingine zitatoka ndani ya seli, na utakuwa umeosha kile ulichokuja kupima.

Hatua ya 8: Saga bila kuongeza kobalti

Msinisome haraka hapa, wadogo zangu. Mashine nyingi za kusagia mawe zimewekwa kabidi ya tungsteni. Kabidi hiyo hushikanishwa kwa kobalti. Ukisaga likeni humo, unaongeza kobalti kwenye sampuli ambayo kobalti ndiyo swali lake. Mashine ya chuma cha pua nayo inatoa kromi na nikeli. Mwingine atasagia palepale alipokuwa akisaga mawe ya madini asubuhi.

Tumia kinu cha agate au kaure. Likeni iliyokauka vizuri inasagika kwa mkono hadi unga laini. Oshea kinu kwa asidi ya naitriki iliyopunguzwa na maji ya maabara kati ya kituo na kituo, na anza kusaga kituo safi, umalizie kile unachodhani ni kichafu.

Hatua ya 9: Maabara

Sehemu hii ni ya fundi wa maabara. Wewe simama karibu ujue unachoomba. Kwa kawaida: gramu 0.25 za unga, mililita 5 za asidi ya naitriki ya asilimia 65, mililita 1 ya peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 30, ndani ya chombo cha tefloni, iachwe usiku mmoja, kisha ipashwe moto kwenye tanuri la mikrowevu la maabara. Usijaribu nyumbani wala kwenye tanuri la jikoni. Mvuke wake unachoma mapafu.

Kila kundi liwe na vitu vitatu: kipimo kitupu cha asidi pekee, marudio ya sampuli moja katika kila kumi, na likeni ya rejea, yaani unga wa likeni ambao metali zake zinajulikana tayari. Zipo mbili zinazojulikana: IAEA-336 na BCR-482. Ya pili imethibitishwa kuwa na shaba miligramu 7.03, risasi 40.9 na zinki 100.6 kwa kilo. Mashine ikikupa kati ya asilimia 80 na 120 ya namba hizo, endelea. Ikikupa nje ya hapo, usirekebishe kwa hesabu, rudia. Kobalti haimo kwenye orodha ya zilizothibitishwa za BCR-482, kwa hiyo kwa kobalti ongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli moja uone kama kinarudi.

Omba pia alumini au titani, hata kama hujali habari zake. Hizo ni alama za udongo.

Hatua ya 10: Soma namba

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, likeni yako ina shaba 210 na alumini 4,100 kwa miligramu kwa kilo. Gawa shaba kwa alumini: 0.051. Wengi hulinganisha na ganda la dunia, lenye shaba 28 na alumini 81,500, yaani 0.00034. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 149, na kwa kawaida chochote kinachopita 10 husemwa hakitokani na udongo. Mwanafunzi anashangilia na kuandika hitimisho.

Lakini hii ni Katanga, nchi ya shaba. Udongo wetu si wastani wa dunia. Tuseme ule wa juu chini ya mwembe una shaba 600 na alumini 60,000: uwiano 0.01, na hesabu inashuka hadi 5. Ghafla vumbi la parseli peke yake linaweza kueleza sehemu kubwa. Na bado hujafika, kwa sababu udongo wa juu nao umepokea moshi miaka mingi. Ule wa sentimita 50, tuseme una shaba 90 na alumini ileile, unakupa 34.

Weka zote tatu kwenye jedwali. Tofauti kati ya 5 na 34 ina maana: metali iliyotoka hewani zamani ikatua chini, na sasa vumbi linaipandisha tena mtini. Ukiweka 149 peke yake, umeandika kweli nusu.

Tahadhari moja ya kitaalamu: asidi ya naitriki haiyeyushi chembe zote za udongo, kwa hiyo alumini itatoka pungufu na uwiano utavimba. Yeyusha udongo wako kwa njia ileile uliyoyeyushia likeni, ili upungufu uwe sawa pande zote. Kwa ganda la dunia huwezi kufanya hivyo, na ni sababu nyingine ya kutolitegemea.

Hatua ya 11: Hifadhi na urudi

Nusu ya unga iliyobaki iwekwe kwenye chupa ya plastiki safi, kavu, gizani, ikiwa na msimbo uleule. Mtu akitilia shaka namba zako, utaipima tena badala ya kubishana.

Kisha rudi kwa wenye miembe. Wanangoja. Waambie namba ni ya mti, haisemi kiasi kilichomo kwenye damu ya mtoto. Hilo linapimwa hospitali. Vumbi likionekana kuwa ndilo mbebaji, sema linalofanyika leo: kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu, kuosha mikono ya watoto kabla ya kula, kufunika maji na unga. Funga kamba ya nailoni ya rangi kwenye shina, na uombe ruhusa ya kurudi Oktoba.